Lenzi ya Thelathini na Tano

Larisa, 9 Februari 1998

Ognyan,

Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa Penko, dereva wa basi, pamoja na chupa ya jamu ambayo imefika nzima. Mwambie Mama ahsante. Simu tuiache. Simu ya hapa si yangu, na huyu bibi wa Kigiriki ninayemlea, Evanthia, ikilia akiwa usingizini anaamka akidhani ni marehemu mumewe anapiga. Tuendelee kuandikiana.

Unasema Kalina sasa anasimama kwa kushika kiti. Ana miezi kumi na moja. Basi hatakawia kutembea, na akitembea mtamfanyia siku ya hatua ya kwanza kama sote tulivyofanyiwa: kitambaa cheupe sakafuni, mkate wa duara unaviringishwa, yeye anaufuata, na mwisho wa kitambaa mnapanga vitu ili achague kimoja. Mimi nilichagua mkasi. Wewe, Mama anasema, ulichagua nyundo ukaitia mdomoni.

Sitakuwepo. Hilo tusilirudie. Nataka picha moja tu, ile ya anapoachia kiti na kwenda. Miaka sita nimepiga picha watoto wa chekechea wa wilaya nzima, watoto wa watu, na wangu sina picha hata moja akiwa amesimama.

Kabatini, nyuma ya mablanketi, kuna begi la kijivu. Ndani mna kamera na lenzi tatu. Fupi imeandikwa 35, ya kati 50, ndefu 135. Nunua filamu ujizoeze kwa kuku kwanza. Kuku na mtoto wa mwaka mmoja hawapishani sana.

Humu nimeweka uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, nimeusokota mwenyewe. Katikati nimetia ushanga wa buluu wa huku. Mfungeni mkononi tarehe mosi, na mti wa kwanza ukichanua mkautundike kwenye tawi kama kawaida.

Mimi mzima. Siumwi popote.

Zdravka


Oreshka, 22 Februari 1998

Mke wangu Zdravka,

Uzi umefika. Mama kauangalia, kaugeuza, kasema Wagiriki hawana haya, ushanga wa buluu kwenye uzi wa Machi umeona wapi. Lakini ataufunga.

Sasa sikiliza habari za mpiga picha wako. Filamu ya kwanza nimeipeleka Troyan, studio yako ya zamani, ikasafishwa. Picha thelathini na sita. Kuku ni kumi na moja, na wawili kati yao wanatambulika. Zilizobaki ni za Kalina: kuna sikio, kuna kisigino, kuna kitu chekundu ambacho naapa ni sweta lake, na kuna meza. Meza imetoka safi sana. Yule mzee wa studio aliniuliza kama natafuta mteja wa meza.

Nilitumia ile ndefu. Nilidhani ndefu ndiyo ya wakubwa, inamleta mtoto karibu. Kumbe jikoni kwetu ilibidi nirudi nyuma, nirudi nyuma, hadi nikagota jiko la kuni nikaunguza makalio. Mama alicheka mpaka akaomba kiti. Mimi nimefungua injini za matrekta ya kila aina na hakuna iliyonishinda, lakini huyu binti yako ukimlenga hapa yuko kule. Anatambaa kama mjusi, anasimama, anaanguka, hajalia bado kashasimama tena. Nifanyeje, mwalimu?

Na neno moja. Barua nzima umeniandikia kamera. Hukuuliza kama analala vizuri. Analala vizuri. Nakuambia bila kuulizwa.

Ognyan wako


Larisa, 2 Machi 1998

Ognyan,

Soma hii polepole, na siku yenyewe uwe nayo mfukoni.

Ile ndefu irudishe kwenye begi. Inafaa uwanjani, mtoto akiwa mbali anakimbia na wewe umekaa kwenye nyasi na jua lipo. Humo jikoni haifai kwa mambo matatu. Kwanza haioni kitu kilicho karibu kuliko mita moja na nusu, na jikoni kwenu kote ni hatua nne. Pili, mkono ukitikisika kidogo, lenzi ndefu inautikisa zaidi. Tatu, inalenga kwa wembamba sana, mtoto akisogea hatua moja keshatoka kwenye ukali na umebaki na ukuta. Watu wengi hununua lenzi ndefu kwa ajili ya watoto wadogo, halafu wanalaumu watoto.

Ile 50 ni nzuri kwa mtoto aliyelala au anayekula. Inafunguka sana, inapokea mwanga mwingi, na nyuma yake kila kitu kinakuwa ukungu laini. Lakini kila akisogea lazima uzungushe pete ya umbali umfuate, na wewe huwezi. Usikasirike. Mimi ilinichukua miaka miwili.

Chukua 35. Inaona kwa upana. Hutamfukuza mtoto, utamwacha aingie mwenyewe. Pete ya umbali iweke mita mbili na nusu, usiiguse tena. Namba ya tundu la kupitishia mwanga iweke kumi na moja, hapo linakuwa dogo. Ukifanya hivyo, kila kilicho kati ya mita moja na nusu na mbali kule nyuma kitatoka kikali, uwe umelenga au hukulenga. Ila tundu dogo linahitaji mwanga. Kwa hiyo kama jua litakuwepo, msikae jikoni, tandikeni kitambaa barazani. Spidi, yaani wepesi wa kamera kufumba, isishuke chini ya mia na ishirini na tano. Mtoto anayetembea kwa spidi ndogo hutoka kama moshi.

Na upige magoti. Watu wazima hupiga picha watoto wakiwa wamesimama, wakapata nywele na viatu. Shuka hadi macho yake yawe sawa na lenzi. Viwiko vibane mbavuni.

Nimefurahi kwamba analala. Nimeandika hivyo kwa sababu najua ndivyo inavyoandikwa.

Zdravka


Oreshka, 16 Machi 1998

Zdravka,

Ametembea. Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi. Hatua saba nilizohesabu mimi, Mama anasema tisa. Majirani walikuja, mkate ulikuwa mzuri, asali ilikuwepo. Nilitumia ile fupi kama ulivyosema, nikapiga magoti kama ulivyosema.

Picha zitakuja. Mashine ya yule mzee wa studio imeharibika. Alichochagua utakiona kwenye picha, sitaki kukuharibia.

Ognyan


Larisa, 30 Machi 1998

Ognyan,

Wiki mbili sasa. Mashine ya kusafishia filamu haiharibiki wiki mbili, anaagiza kipuri Sofia kinafika kesho yake. Nilifanya kazi pale, namjua yule mzee. Niandikie basi kwa maneno alichagua nini. Kitana? Penseli? Mkasi kama mimi?

Kuna jambo lazima ulijue, na ni bora ulijue kwangu. Stathis, mtoto wa bibi Evanthia, ameniambia nikikaa miaka miwili mingine bila kuondoka atanifuatilia makaratasi, niwe mtu halali. Nikiondoka sasa, mpakani watanigongea muhuri na sitarudi tena, na kazi atapewa mwingine. Anataka jibu mwisho wa Mei. Hapo nyumbani unajua hali. Kiwanda kimefungwa, studio inaajiri mtu mmoja naye ni mwenyewe.

Ungenitazamia niseme kwamba moyo unapasuka. Haupasuki. Asubuhi namwogesha bibi, namlisha, nafua, napika, namlaza. Wanawake wenzangu Jumapili kanisani wanatoa picha za watoto wao, wanalia, mimi nawashikia pochi. Nimekufa ganzi, Ognyan. Ni kama mguu uliokaliwa, unauona ni wako, ukiubonyeza hausemi kitu. Nilidhani itapita baada ya Krismasi. Haikupita.

Kwa hiyo nimejiwekea hivi. Nikiiona ile picha nikahisi kitu, chochote, nitarudi. Nisipohisi, basi ni afadhali nikae huku nitume mahitaji, kwa sababu mama asiyehisi kitu hamsaidii mtoto kwa kukaa naye jikoni. Sikuambii ili uniogope. Nakuambia ili ujue kwa nini nauliza habari za picha.

Zdravka


Oreshka, 21 Aprili 1998

Zdravka mpenzi,

Kristo amefufuka. Mayai tumepaka rangi, Kalina alivunja sita na kula moja.

Picha hii hapa. Samahani imechelewa, lakini itazame tu utanisamehe. Ni ile ya tarehe kumi na nne Machi, barazani, kama ulivyoniagiza. Unaona alichoshika? Tulipanga vitu: kitana, mkasi, penseli, kipimajoto, spana yangu, na mimi nikaongeza kitu ambacho hakimo kwenye desturi. Niliongeza picha yako, ile ya harusi ya dada yako, umevaa gauni la kijani. Mama alininong'oneza kwamba picha ya mtu haiwekwi. Nikaweka.

Na mtoto akapita kitana, akapita mkasi, akapita kila kitu, akainama akakushika wewe. Jirani yetu Tsona alilia hapo hapo. Sasa niambie kama huyu hakujui. Alikuchagua wewe, Zdravka. Kati ya vitu vyote.

Umesema ukihisi kitu utarudi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Rudi. Kazi nitapata, nikikosa nitachonga mpini wa shoka nikauze sokoni. Mwambie huyo Stathis atafute mtu mwingine.

Ognyan wako


Larisa, 29 Aprili 1998

Ognyan,

Picha nimeipata. Kwa ufundi ni nzuri. Ulipiga magoti, pete hukuigusa, mtoto amesimama katikati na uso wake mkali. Hata mshono wa kitambaa unahesabika.

Tatizo la lenzi ya 35, tundu likiwa kumi na moja, ni kwamba haifichi kitu. Ungetumia ile 50 ikiwa imefunguka, nyuma yote ingekuwa ukungu, na mimi ningeamini.

Juu ya kichwa cha Kalina, nyuma ya nguzo ya baraza, kuna tawi la mplamu. Nadhani uliinamisha kamera ili mti usionekane, lakini kitawi kimoja kimebaki. Kimechanua. Kwetu plamu haichanui tarehe kumi na nne Machi, labda Troyan siku hizi iko Afrika. Nilichukua kioo cha kusomea cha bibi nikatazama tena. Kwenye kitawi kumefungwa uzi mwekundu na mweupe, na katikati kuna ushanga wa buluu. Mkononi mwa Kalina hakuna uzi. Kwa hiyo picha hii imepigwa baada ya uzi kuvuliwa, nadhani wiki ya Pasaka. Na hasimami kama mtoto wa hatua saba. Anasimama kama mtoto aliyezoea.

Njia ya mwongo ni fupi. Mara ngapi mlimsimamisha hapo hadi akaokota picha yangu? Hatua ya kwanza hairudiwi, Ognyan, hata mtoto mdogo anajua hilo.

Nakujibu ulichouliza. Niliposoma barua kabla ya kutazama vizuri, nilijaribu kuhisi. Nilikaa na picha mapajani nikangoja. Hakuna kilichokuja.

Siku yenyewe, alichagua nini?

Zdravka


Larisa, 11 Mei 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu Ognyan hajibu. Penko amekuja mara mbili mikono mitupu, anasema mwanao anamkwepa hata stendi.

Nimeshamwambia Stathis kwamba nadhani nitakaa. Neno la mwisho nitampa mwisho wa mwezi. Sikasiriki, usidhani nimekasirika. Ila siwezi kukata jambo la miaka miwili juu ya picha ya uongo, liwe la kurudi au la kukaa. Wewe hujawahi kunidanganya. Hata chakula changu kikiwa kibaya ulisema. Niambie siku ile ilikuwaje.

Mkweo Zdravka


Oreshka, 17 Mei 1998

Zdravka mkwe wangu,

Marahaba. Macho yangu hayaoni vizuri na mwandiko wangu ni wa darasa la nne, utanivumilia.

Nilimwambia mwanangu asifanye. Nilimwambia, mkate wa pili si mkate, ni unga. Akasema Mama, asipoona kitu huyu harudi. Basi siku ya Jumatatu ya Pasaka tukatandika kitambaa tena kama wachawi, mimi na yeye peke yetu, tumefunga geti ili Tsona asione. Mara ya kwanza mtoto akachukua spana. Mara ya pili spana. Ikabidi aiondoe. Akachukua kitana, kikaondolewa kitana. Mwisho ikabaki picha yako peke yake kwenye kitambaa, ndipo akaiokota, na kabla hajaitia mdomoni baba yake akapiga. Nilikuwa nimekaa pale nikaona haya mbele ya mtoto wa mwaka mmoja.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa baridi, mvua ya theluji, tukafanyia jikoni. Tsona alikuwepo na watu wa nyumba ya chini. Mkate niliuviringisha mimi. Kalina aliachia kiti, akaenda. Hakuutazama mkate wala kitana. Picha yako mwanangu aliiweka katikati ya kitambaa, akaikanyaga, akapita. Akaja hadi mwisho ambapo nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, kwa sababu supu ilikuwa motoni. Akanishika aproni. Akasema mama.

Hakuna aliyecheka. Tsona alitazama dirishani. Mwanangu alikuwa bado amepiga magoti na kamera usoni, na hakuishusha kwa muda mrefu, nikajua analia huko nyuma yake.

Halafu mkate. Unajua mkate wa hatua ya kwanza hugawiwa majirani na mama mzazi, tena akikimbia, ili mtoto awe mwepesi. Watu wakanitazama. Basi nikakimbia mimi. Na haya magoti yangu, Zdravka, kwenye theluji iliyolainika, kutoka kwetu hadi kwa padri. Nilianguka mara moja. Sikukimbia vibaya.

Watu watakuambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi sikuambii hivyo. Ulikwenda kwa sababu sote tulikuwa tunakula viazi, na ni mimi niliyekufungia begi. Lakini mficha uchi hazai, na humu ndani tumefichana vya kutosha. Mtoto ananiita mama. Namkataza, anaendelea. Kila akiniita najisikia mwizi, na kila akiniita nafurahi. Yote mawili nimekuandikia.

Sikuambii urudi. Mwanangu anataka kukuambia, mimi sitaki. Nakutumia picha ya siku ile. Aliificha ndani ya kopo la misumari.

Mama Stoyna


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Zdravka,

Mama kaiona, kaichukua, sikuweza kumnyima. Haifai hata kwa kuonyesha watu. Jikoni hakukuwa na mwanga, ikabidi nishushe spidi hadi thelathini ingawa uliniambia nisishuke.

Nilitaka urudi. Sikuona njia nyingine. Nilijua usipohisi kitu utakaa, na kwa picha hii nilidhani ungekaa milele. Sina la kujitetea. Kaa kama ni kukaa, nitamlea.

Ognyan


Larisa, 25 Mei 1998

Ognyan, na wewe Mama,

Nawaandikia pamoja kwa sababu mtasomeana tu.

Ognyan, viwiko ulivibana vizuri. Najua kwa sababu kila kilichotulia kimetoka kikali: miguu ya kiti, pindo la kitambaa, hata nyuzi za zulia. Kilichosogea kimepotea. Kalina ni moshi mwekundu, haonekani uso wala mkono. Ni mguu mmoja tu unaoonekana, ule uliokuwa chini umetulia, na soksi yake nyeupe imekanyaga bega la gauni langu la kijani. Uso wangu uko wazi kabisa, hapo sakafuni, natabasamu. Kwenye picha nzima hakuna mwingine aliyetulia. Mama ni aproni na mwiko uliochezacheza.

Niliipokea mbele ya duka la mkate ambapo Penko husimamisha basi. Nilifungua nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye ngazi za watu. Iliniuma, hapa chini ya mbavu, kama nimepigwa kiwiko. Haikuwa huzuni nzuri kama ile ya wenzangu kanisani. Niliona wivu, Mama. Nilikuonea wivu wewe, mwiko, na Tsona kwa kuwa alikuwepo chumbani. Nilikaa pale hadi mwenye duka akaniletea maji. Kisha nikaenda kumwogesha bibi, na jioni ganzi ilikuwa imerudi. Imerudi mpaka sasa ninapoandika. Siwadanganyi kwamba imekwisha.

Lakini nimepata wakati wa kufikiri. Ile picha ya uongo, Ognyan, hata kama ungefaulu kunidanganya, ingenifanya nikae. Mtoto aliyenichagua kati ya vitu vyote angeweza kuningoja miaka miwili. Ningemtumia viatu, naye angekuwa ananingoja. Huyu wa kwenye moshi hanijui. Hana anachongoja. Kila mwezi ninaokaa huku si yeye anayeupoteza, ni mimi.

Stathis nimemwambia jana. Alinyanyua mabega, akasema nisije nikarudi nikilia. Nikamwambia sitarudi. Bibi Evanthia hakuelewa, ameniuliza mara tatu ninakwenda kununua nini.

Natoka Ijumaa tarehe tano Juni na basi la Penko, nitafika Jumamosi asubuhi. Usije stendi na mtoto, atachoka. Msipike kuku, msiwaite majirani, msimvalishe nguo mpya. Na msimfundishe neno lolote la kuniambia. Nimeona mnavyofundisha.

Mama, akikuita mama mbele yangu, itika. Usinitazame kwanza. Nitakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni, siku tano, siku kumi, sijui. Mkitaka kumwambia mimi ni nani, semeni ni Zdravka, basi, inatosha.

Akinikimbia msimshike. Mwacheni akimbie.

Zdravka